Kikombe cha Mzee Lugano

Mbeya, 9 Februari 2025

Anjela wa Iringa,

Salamu zitafuata, kwanza nimalize mshtuko wangu.

Boniface amenitoa kwenye kundi kwa wiki mbili. Kosa langu, anasema, ni kuandika ujumbe mrefu mpaka simu za watu zikakwama. "Mzee, hili ni kundi la mashabiki, siyo gazeti la Jumapili." Na mimi nilikuwa bado kwenye utangulizi. Wewe peke yako ndiye uliyenijibu, tena kwa kunicheka, kwa hiyo nimeona nikuandikie barua kamili kwa ile anwani ya barua pepe uliyoiacha pale. Huku Boniface hafiki.

Hoja yangu ni kikombe.

Mimi niliingia kwenye "Nyumba ya Lugano" kwa bahati mbaya. Najua kila mtu mle ndani anasema hivyo. Nilikuwa natafuta kitu kingine kwenye simu, nikakutana na hadithi ya picha: unasoma, unafika njia panda, mchezo unakuuliza mhusika afanye nini, unabonyeza, na chaguo lililobonyezwa na wengi ndilo linaloandikiwa sura inayofuata. Wakaandika: miaka kumi na minane kwenda juu. Nikajiambia, nina hamsini na sita, nimefaulu mara tatu. Toka sura ya kwanza hadi ya saba nimeona mambo ambayo hata kwenye ndoa yangu ya miaka thelathini sikuyawaza. Kuna picha ambazo naziziba kwa kidole gumba ili nisome maneno tu, ingawa nakiri kidole changu si kipana sana.

Yote hayo sikushtuka. Sura ya nane ndiyo imenifanya niweke simu chini nikatoka nje kupunga upepo.

Tusekile, mke wa mtoto wa Mzee Lugano, anaingia sebuleni. Mzee amekaa pale. Binti ana kikombe cha chai. Mchezo unatuuliza: amkabidhi mzee mkononi? Akiweke juu ya kigoda na kutoka kwa mlango wa nyuma? Au akimwage uani, afungashe nguo, arudi kwao?

Mkononi, Anjela. Mkamwana na baba mkwe, kidole kwa kidole. Na watu karibu nusu ya kundi wamebonyeza hapo kama wanaagiza soda. Mimi nimebonyeza kigoda na moyo bado unanidunda. Niambie na wewe umebonyeza wapi, halafu niambie nimezeeka.

Wako,
Kasian

(Siyo jina langu. Naimba besi kwaya ya kanisani, na besi tupo wawili tu. Jina likijulikana, mwenzangu hawezi kusingiziwa.)


Iringa, 12 Februari 2025

Mzee Kasian, kamwene, na shikamoo juu yake.

Umezeeka. Hilo tumelimaliza.

Sasa mimi ndiye niliyeshtuka. Sura ya tano wale wawili walipokuwa kwenye stoo ya mahindi, kundi zima lilikuwa kimya kwa aibu, wewe ukaandika, "Aliyechora mwanga wa taa ana kipaji." Nililisoma mara mbili. Mtu aliyeona taa pale, leo kikombe cha chai kinamtoa nje kupunga upepo?

Anjela nalo si jina langu. Mume wangu anafanya kazi kwa zamu, na akiwa zamu ndiyo nasoma. Anajua naangalia mapishi. Juzi ameanza kuuliza mapishi yenyewe yataiva lini.

Nimebonyeza afungashe. Sikusita hata kidogo. Yule Mzee Lugano simpendi toka sura ya pili. Binti wa watu ameolewa, ameingia kwenye nyumba, na mzee anageuzia uso ukutani. Binti akiwa uani, mzee anazunguka nyuma ya nyumba kama anakwepa tope. Hajawahi kumuuliza hata kama amekula. Kwetu bibi harusi anapiga goti, anamnawisha baba mkwe mikono, na baba anasema mbele ya watu, "Karibu, mwanangu." Neno hilo moja ndilo linalomkalisha mtu kwenye nyumba. Bila hilo, wewe ni mgeni tu, hata ukizaa watoto kumi.

Nalisema kwa ukali kwa sababu namjua dada mmoja yuko hivyohivyo. Alikwenda kwa wakwe Krismasi, akakaa wiki tatu. Baba mwenye nyumba akiingia, yeye anatolewa kwa mlango wa nyuma kama moshi. Alirudi amekonda.

Kwa hiyo, mzee wangu, weka kikombe chako juu ya kigoda. Mimi nimeshamwaga.

Anjela


Mbeya, 16 Februari 2025

Anjela, mwaga chai za watu taratibu,

Nimecheka mpaka mke wangu akauliza nasoma nini. Nikamwambia matangazo ya vifo. Sasa ananitazama kwa wasiwasi.

Lakini kwa Mzee Lugano tutagombana. Yule ndiye mtu pekee mwenye adabu kwenye nyumba ile. Mtoto wake mlevi, shemeji mtu tumemwona stoo, mpangaji wa chumba cha mbele sitaki hata kumsema. Mzee peke yake ndiye anayejua mipaka yake. Amegeuza uso, ndiyo. Amezunguka nyuma ya nyumba, ndiyo. Ulitaka afanyeje, amkodolee macho mke wa mwanawe? Wangemwandika hivyo, ningeufuta mchezo siku hiyohiyo na kurudi kwenye matangazo ya vifo kweli.

Mimi mwenyewe ni baba mkwe, kwa hiyo namwelewa. Anayemtetea hapa si shabiki tu, ni mwenzake wa kazini.

Huyo dada yako mpe pole. Pengine alikonda kwa baridi. Hata huku Mbeya, wageni wakija mwezi wa kumi na mbili, mvua na ukungu vinawamaliza.

Kasian, wakili wa Lugano


Iringa, 20 Februari 2025

Mzee Kasian,

Wakili, nina swali moja kwa mteja wako, na naomba ulijibu wewe kwa kuwa umesema ni mwenzake.

Mkwe wako, umewahi kumuuliza ameamkaje?

Sikuulizi ili nikuaibishe. Nataka kujua tu inakuwaje kwa upande ule. Maana mimi naona upande mmoja: mtu amekaa jikoni, anasikia maongezi sebuleni, anasikia watu wanacheka, halafu anasikia jina lake halitajwi. Mtu huyo hawezi kujua kama mlango umefungwa kwa sababu ya mvua au kwa sababu yake. Hakuna aliyemwambia. Unasema adabu. Adabu ambayo anayefanyiwa haijui, ina tofauti gani na dharau?

Tuuache mchezo kidogo. Yule dada mambo yamemfika shingoni. Mumewe anataka wahame, waende kuishi kwa wazazi wake moja kwa moja kabla ya Pasaka. Anampenda mumewe. Lakini ile nyumba na yule mzee vinamtisha. Anaona ana njia mbili: aende akaishi maisha yake yote kwenye mlango wa nyuma, au arudi kwao na ndoa iishe. Ameniomba ushauri na mimi sina.

Wewe ni mtu mzima. Ungekuwa baba yake, ungemwambia nini?

Anjela


Mbeya, 27 Februari 2025

Anjela,

Nimekawia kwa sababu swali lako lilinikaa kooni kama mfupa wa samaki. Sijalijibu na sitalijibu. Wakili ana haki ya kukaa kimya. Ila nimekwenda nikasoma sura zote nane upya, safari hii nikiwa nimekaa jikoni na Tusekile badala ya kukaa sebuleni na mzee. Hadithi ni ileile, picha ni zilezile, na mimi nilikuwa sijaiona. Kuna picha moja kwenye sura ya sita, nyuma ya mambo yale unayoyajua, mlango wa jikoni uko wazi kidogo na binti amekaa peke yake anachambua mchele. Nilikuwa nimeuziba kwa kidole gumba.

Umenishinda. Boniface amenirudisha kundini, na jambo la kwanza nililofanya ni kubadili chaguo langu. Amwage chai, afungashe, aende zake.

Na huyo dada mwambie hivyohivyo. Kama wiki tatu nzima hakuna aliyemfungulia mdomo, hakuna anachowadai wala wanachomdai. Arudi kwao, apumzike, na huyo mzee abaki ameuangalia ukuta wake mpaka rangi ibanduke. Akiulizwa nani amempa ruhusa, aseme ni Kasian wa Mbeya, mtu mzima, besi wa pili.

Najisikia kijana leo, sijui kwa nini.

Kasian


Mbeya, 24 Machi 2025

Anjela,

Hujaandika zaidi ya mwezi, na sikulaumu. Lakini leo nakuandikia mimi, na hakuna utani humu.

Mkwe wangu ameondoka.

Nilitoka karakana yangu ya cherehani, nikamkuta mke wangu amekaa kwenye ngazi, kanga mdomoni. Mwanangu alikuwa amepiga simu. Mkewe amechukua begi moja, amekwenda kwa wazazi wake, na ameacha ujumbe kwamba Mbeya hahamii na asifuatwe. Mwanangu analia, Anjela. Sikuwahi kumsikia akilia toka alipovunjika mkono darasa la nne.

Nimepigwa butwaa. Ingekuwa mkwe mtundu ningeelewa. Lakini huyu nilikuwa najivunia kwa rafiki zangu wote. Ni mtu wa huko kwenu, na bado heshima aliyonayo hata mabinti wa kwetu Rungwe hawanayo tena. Kwetu mkamwana na baba mkwe wanapishana njia, hawaonani uso, hawasemezani, hataji jina langu. Siku hizi vijana wanapuuza. Yeye hajawahi hata mara moja. Mpaka leo sura yake siijui vizuri. Siku ya harusi nilikaa nyuma ya spika la muziki ili nisimkwaze, na hotuba akanisomea mdogo wangu.

Na mimi nilijitahidi nisimwangushe. Walipokuja Krismasi nilikohoa nikiwa bado getini ili apate muda wa kupita. Nilizungukia kwa jirani kuingia ndani. Chakula nilikula karakana, katikati ya cherehani mbovu za watu, wiki tatu nzima, ili nyumba iwe yake na awe huru. Kwaya walidhani nimefukuzwa. Nimewajengea vyumba viwili nyuma, na rangi nimepaka mwenyewe, ndiyo maana nimekuwa nikiandika kidogo.

Sura ya tisa imetoka; wengi tulibonyeza afungashe, na Tusekile amefungasha. Nimeitazama picha ile ya begi nikaona aibu. Nilishangilia.

Wewe ni mwanamke, na unatoka huko. Nisaidie kuelewa nilimkosea wapi. Mwanangu anaitwa Ezron, yuko kiwanda cha karatasi Mgololo. Mkewe ni Juliana, wa Ifunda. Pengine hata unawafahamu.

Kasian


Ifunda, 26 Machi 2025

Baba,

Neno hilo nimeliandika, nikalifuta, nikaliandika tena.

Nilikwambia Anjela si jina langu. Yule dada mmoja ni mimi. Zamu za mume wangu ni za kiwanda cha karatasi.

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa chini pale pale jikoni kwa mama, na ugali ukaungua. Mama anauliza nani amekufa.

Nilikusikia ukikohoa getini. Nilidhani ni kikohozi cha hasira, kwamba unatangaza niondoke machoni pako. Mama mkwe alikuwa akinisukuma jikoni kwa mikono miwili, na Kiswahili chake kidogo hakikututosha kuulizana jambo zito. Nilimuuliza Ezron, kwa nini baba hanitaki? Akasema, "Ndivyo baba alivyo." Maneno matatu, akageukia ukutani akalala. Kumbe naye alidhani ninajua.

Siku ya mwisho nilipika ndizi kwa maziwa na karanga, nikamwomba mama akupelekee karakana. Nilisema, huyu mzee akila mkono wangu, basi nitavumilia mengine. Bakuli likarudi limefunikwa kitambaa kilekile, zito vilevile. Sikufunua. Nililipeleka hivyohivyo kwa yule jirani anayefuga nguruwe, nikarudi kufungasha.

Halafu Kasian akaniambia niondoke. Nilisoma ile barua yako mara nyingi. Ilinipa nguvu. Sasa sielewi ni nani aliyenitoa kwenye ndoa yangu, baba mkwe asiyenitaka au rafiki aliyenionea huruma, na wote ni mtu mmoja.

Yale mengine tuliyoandikiana, ya stoo ya mahindi na taa, nimeyafuta. Nakuomba na wewe uyafute. Najiuliza nitakutazamaje, halafu nakumbuka sitakiwi kukutazama, na kwa mara ya kwanza nimeona mila yenu ina faida.

Juliana


Ilomba, Mbeya, 4 Aprili 2025

Kwa Anjela,

Mkwe wangu siwezi kumwandikia. Nimejaribu siku kadhaa, mkono unagoma. Kwa hiyo naandika kwa Anjela, na yeye kama atapenda, atamfikishia.

Barua yako ilinikuta nimeshika cherehani ya mteja. Simu iliangukia kwenye beseni la mafuta. Mke wangu akaja mbio: "Nani amefariki?" Nikamwambia, mimi. Nilijifungia karakana nikaanza kukumbuka kila nilichokuandikia toka mwezi wa pili. Kidole gumba. Mambo ya ndoa yangu ya miaka thelathini. Nilipofika kwenye taa ya stoo nikavua miwani, nikaweka kichwa juu ya meza, nikakaa hivyo mpaka shingo ikauma. Hakuna baba mkwe Rungwe nzima, toka watu waanze kuoana, aliyewahi kufika nilipofika mimi. Nimefuta kila kitu. Nimefuta hata picha za wajukuu wa dada yangu kwa haraka.

Sasa mambo ya maana.

Ndizi zile nilikula mpaka ua lililochorwa chini ya bakuli likaonekana. Nililamba, Anjela, hakuna aliyekuwa ananiona. Na kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Nilijaza mchele mpya wa Ubaruku, na juu yake nikaweka kitenge nilichokichagua mwenyewe, dukani nikizungukwa na akina mama. Kile ndicho kilichokuwa kizito. Sasa nimeelewa kwa nini Mama Blandina wa nguruwe alikuja kanisani Januari amevaa kitenge kilekile, akanisalimia kwa tabasamu ambalo mke wangu hakulipenda.

Kuhusu kujificha. Baba asiyemjali mkamwana ndiye anayejipitisha sebuleni hovyo bila kuangalia nani yupo. Kila nilipozungukia kwa jirani, kwenye tope lile, nilikuwa nakufikiria wewe. Nilidhani unajua. Sikuwahi kuwaza kwamba kuna mtu anaweza asijue, kwa sababu mimi nimezaliwa nikalikuta. Mama yangu alimkimbia babu yangu mpaka alipomzika, na siku ya mazishi ndiye aliyelia kuliko wote.

Lakini lile swali lako la mwezi wa pili kuhusu adabu na dharau limenishinda. Umekaa kwangu wiki tatu, na ulichopata ni kikohozi.

Ushauri wa Kasian siufuti. Aliyeukuta mlango umefungwa bila neno ana haki ya kuondoka. Ila yule mzee aliyeambiwa abaki na ukuta wake, rangi imeshabanduka. Jumamosi ijayo nitakuja Ifunda na mama yake Ezron. Sitakuja kukuchukua. Nitakuja kusema lile neno ulilolikosa. Sijui nitalisemaje bila kukuona, ila nitalisema. Ukitaka nisije, andika neno moja tu.

Gwakisa


Ifunda, 14 Aprili 2025

Baba,

Sikuandika neno lolote, kwa hiyo ulikuja.

Naandika haya kwa sababu hukuona upande wa ndani, na mimi nimechoka na mambo ya kuonekana upande mmoja.

Baba yangu, mzee Bartolomeo, alikuwa amevaa koti lake la sherehe, ameandaa viti. Nawe ukasimama uani, ukauliza niko wapi, ukaambiwa niko jikoni, ukasema hutaingia ndani. Baba akaja kwangu ana hasira: "Huyu mtu ametoka Mbeya kuja kunitukania nyumba?" Nilimshika mkono nikamwambia, baba, subiri, ndiyo adabu yao. Nilijisikia nikisema, nikashangaa.

Nikasikia umeburuta kreti ya soda, umekaa kwa nje, kwenye ukuta wa jiko. Ni matofali tu kati yetu. Nikasikia unahema. Ezron alikuwa mlangoni ameinamisha kichwa, mama mkwe ameziba masikio kwa kanga, lakini niliona sikio moja liko wazi.

Ukasema, "Juliana."

Sikujua sauti yako ni nene hivyo. Kwenye barua ulikuwa mwembamba.

Ukasema, "Karibu, mwanangu." Ukasema mara ya pili, kwa nguvu, kama vile ukuta haukusikia. Baba yangu akamnong'oneza mama, "Anamkaribisha mtu kwao?" Mama akamfinya.

Nilishindwa kujibu. Ulidhani nimekataa, niliona kupitia mlangoni kivuli chako kinainuka. Si kwamba nilikataa. Nilikuwa nimeuma kanga. Wewe umeona ajabu kusema. Mimi nimeona ajabu kusikia.

Sasa hili ndilo jibu langu, nimelifikiria Jumapili nzima. Kesho narudi Mgololo na Ezron. Amenieleza mambo yenu yote, safari hii akiwa ameniangalia, na alichukua muda mrefu kuliko maneno matatu. Nikamwambia nikimsikia tena akisema "ndivyo baba alivyo," begi bado liko chini ya kitanda.

Ilomba tutahamia, si Pasaka, mwezi wa tano. Mila yako nitaishika. Sitakutazama, na jina lako nililolisoma mwisho wa barua yako sitalitaja. Ila kwenye vile vyumba viwili, ukuta wa upande wa karakana utoboe dirisha. Dogo. Weka pazia, zito kadiri mama atakavyo. Kila asubuhi ukifungua kazi, uniulize nimeamkaje. Usiponiuliza, nitajua maana yake, na sitahitaji kuuliza mtu.

Ezron anashangaa tumeelewana vipi haraka hivi wakati hatujawahi kusemezana. Nimemwambia ni maombi. Tafadhali tusije tukapishana kwenye hilo.

Juliana


Ilomba, 12 Mei 2025

Mkwe wangu,

Unaona, mkono umekubali.

Karatasi hii nimeipitisha chini ya pazia kwa sababu simu nimeipumzisha. Kwenye kundi nimejitoa. Sisi wawili hatuwezi kuwa kwenye stoo moja ya mahindi, na anayemwona mwenzake kwanza ndiye anayechepuka. Nilimwandikia Boniface kwamba macho yangu yamechoka. Akanijibu, "Pole mzee, tutakosa magazeti yako." Sura ya kumi imetoka, nasikia. Usinidokezee chochote, hata kwa kuguna.

Fundi aliyetoboa dirisha aliniuliza mara nne kwa nini mtu mwenye akili timamu atoboe chumba cha kulala kuelekea karakana yenye kelele. Nikamwambia nasikiliza cherehani usiku. Ameniamini, na mtaa mzima sasa unajua.

Usiku wa kuamkia leo, wenu wa kwanza hapa, sikulala vizuri. Nilikuwa najaribu maneno mawili kitandani, "umeamkaje, mama," kwa sauti nene, halafu nyembamba, mpaka mke wangu akahamia ukingoni. Asubuhi nilifungua karakana, nikawasha taa, nikasimama mbele ya lile pazia kama mtu anayeomba kazi. Nikauliza. Nikasubiri. Nikasikia sufuria inawekwa chini, na nikasema moyoni, Gwakisa, umechelewa mwaka mzima.

Halafu ukajibu.

Mke wangu alikuwa nyuma yangu na uji. "Unaongea na nani?" Nikamwambia, na mkwe wako. Akasema, "Hatukufundishwa hivyo." Nikamwambia, hata pazia hatukufundishwa, na liko pale, limeshonwa na wewe. Nilidhani ataondoka. Akasogea karibu, akaweka uji juu ya cherehani ya mteja, akaninong'oneza:

"Amejibuje?"

"Amesema ameamka salama, ila kitasa cha mlango wake kinakwama."

Mwanangu, mafuta ya cherehani nimeshayashika. Ukimaliza kusoma hii, chukua kikapu uende sokoni, usiharakishe, nije nitengeneze hicho kitasa.

Baba yako